Injini Inayokunywa Kwenye Pipa

Kagunga, 12 Mei 2015

Baba yangu mpendwa,

Mwakeye, umeamkaje? Kiuno kinasemaje, na mashine ya kusaga bado inakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, ila viganja vimeungua. Najua tangu niikimbie mashine yako nije ziwani, miaka miwili sasa, hutaki kusikia habari za boti. Nisomee hii moja tu.

Baba, sijui nianzie wapi. Ufukwe wetu ni mwembamba, mlima uko mgongoni, na watu waliokimbia Burundi wamejaa kuanzia mlimani hadi majini. Ni maelfu, na bado wanashuka. Wamebeba magodoro, mbuzi, wazee wao. Meli imetia nanga mbali kwenye kina, na sisi wenye boti ndogo ndio tunaowafikisha. Yusuph, mwenye boti, amenikabidhi injini.

Adui yangu ni mchanga. Injini hii inapozwa na maji ya ziwa: pampu inayavuta kwa bomba lililo chini ya boti, yanaizunguka, yanatokea ubavuni. Pale ufukweni panga linalosukuma boti linatimua mchanga na bomba linaunywa. Nimefunga chujio, linaziba. Jana tukiwa na watu arobaini maji yaliacha kutoka, injini ikachemka, ikazima. Mawimbi yakatugeuza ubavu. Mama mmoja akanishika mkono: "Mwanangu, tutafika?" Boti nyingine ndiyo iliyotuvuta.

Nimefuata ulivyonifundisha, kwamba injini haizimwi mpaka debe la mwisho lisagwe. Watu wakipanda naiacha inaunguruma. Nimekosea wapi?

Mwanao,
Elieth

Nyakitonto, 16 Mei 2015

Mwanangu Elieth,

Barua nimeipata kwa Reverien, kondakta. Kiuno kipo, mashine inakohoa kuliko mimi. Mama yako anakusalimu na anauliza unakula nini.

Nimeisoma mara tatu nikasahau kwamba nimekukasirikia. Mimi ziwa sijawahi kuliona, uzee wote huu. Sasa napata picha ya watu wanaofunika mlima, na binti yangu katikati yao ameshika spana.

Kosa ni langu. Nilikukataza kuzima kwa sababu mashine yetu ni ngumu kuwasha. Nawe huko huwezi kuzima, mawimbi yatakupiga. Lakini niambie, mashine yetu inakunywa wapi? Kwenye pipa! Hatukuipeleka mtoni ikanywe yenyewe. Maji tunayaacha yatulie, mchanga unakaa chini, na bomba linavuta shubiri moja juu ya kitako.

Basi funga pipa ndani ya boti. Ukiwa ufukweni injini inywe humo, na maji yanayotoka yarudi humo humo. Ukifika kwenye kina, fungua koki ya ziwa, funga ya pipa, na maji yatoke ubavuni. Ukirudi, geuza kabla hujauona mchanga. Pipa likianza kukuunguza mkono, muda umekwisha, ondoka hata kama kuna nafasi.

Koki za shaba sikuzipata Kasulu, nimepanda basi hadi Kibondo. Ziko ndani ya mfuko wa unga pamoja na mipira ya kupitishia maji.

Baba yako,
Longinus

Kagunga, 19 Mei 2015

Baba,

Shikamoo. Nina haraka. Pipa limefungwa. Yusuph kacheka mpaka kakaa chini: kubeba maji kwenda ziwani! Kesho alfajiri napakia watu arobaini, na sina namna ya kujaribu kwanza, dizeli ni ya kuhesabu. Nitakuandikia ikikubali.

Mwanao,
Elieth

Nyakitonto, 2 Juni 2015

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Hukuandika. Siku ya tano nilianza kumngoja Reverien barabarani. Siku ya nane mama yako aliacha kuuliza, na hapo ndipo niliogopa kweli.

Jana nimekwenda hospitali ya Kabanga. Nilimwambia mama yako ni kiuno. Uongo, nilikwenda kuwatafuta watu waliotoka ziwani. Kwenye benchi nikaketi karibu na mama mmoja kutoka kambi ya Nyarugusu, Marguerite, ana kichanga. Nikamuuliza alivukaje.

"Kwa boti yenye pipa," akasema. "Binti anatia mkono kwenye pipa, anageuza koki, tunakwenda. Nikasema huyu ni kichaa, ziwa lote hili naye anabeba maji! Tukacheka, mzee. Hatukuwa tumecheka tangu nyumbani."

Nikamuuliza ilikuwa lini. Yeye alivuka tarehe ishirini. Mdogo wake alivuka wiki iliyofuata kwa boti ile ile, na binti yule yule, sauti imemkauka kwa kupanga watu.

Akanipa kichanga nikishike. Elieth, miaka thelathini nadhani nasaga mahindi tu. Kumbe pipa langu lilikuwa linangoja watu hawa! Zamu yao ilipoitwa nilikuwa bado nimekipakata, na Marguerite akadhani ni kiuno kinachonizuia kusimama.

Sidai jibu tena, nimeelewa una kazi. Naandika nikiwa mashineni. Nje wanawake wamepanga foleni na mmoja wao, Mwajabu, ananigombeza kwa sauti mlima mzima usikie. Basi la Kigoma linapita saa nne, nami nataka kuliona hilo ziwa. Mashine nimeizima, na madebe manne bado hayajasagwa.

Baba yako,
Longinus