Chuma Kilikataa

Kilombero,
4 Julai 1993

Baba yangu,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao huku kwenye miwa. Mimi mzima, ila mgongo unauma na macho yanawasha kwa majivu, maana shamba huchomwa kwanza ndipo tuingie na mapanga. Kifua chako je? Mama hajambo?

Vitus ameniandikia. Anasema umejenga ilungu hapo Pito, lile tanuri refu la udongo ambalo wazee waliyeyushia chuma, na kwamba unataka kuliwasha mwenyewe. Walimu wenzake pale Katandala wanamwuliza, "Baba yako anafungua kiwanda?" Mdogo wangu anaona aibu. Mimi naona hofu. Una miaka sabini na tatu. Moto ule hauzimwi siku tatu, na wewe ukikohoa kidogo tu unatafuta pa kukaa. Kwa nini sasa, baba? Nieleze mwenyewe, nisisikie kwa watu.

Mwanao,
Polikarp


Pito,
25 Julai 1993

Mwanangu Polikarp,

Marahaba. Mama yako ni mzima, amenuna tu kwa kuwa nalala kule kwenye tanuri. Ndivyo mwiko ulivyo, mwashaji halali na mkewe. Kifua kipo, kinapiga filimbi kisha kinanyamaza.

Nilikuwa na miaka kumi babu yako alipowasha mara ya mwisho. Aliniwekea mkono kichwani akasema, "La kwako utaliwasha ukikua." Nikakua. Majembe ya dukani yakaja, watu wakaacha tanuri. Baadaye nikitaka kukata miti ya mkaa, mwenyekiti anadai kibali. Siku hizi kila mtu anafanya lake. Soko la Mazwi limejaa majembe ya nje yanayopinda kwa msimu mmoja, na hakuna anayeniuliza kitu. Nikingoja tena nitakuwa nangojea kaburini.

Vijana wa hapa wananicheka. Anayenisaidia ni Mboje, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Mkokoteni wake ndio umebeba mawe ya chuma na mkaa. Ananiambia, "Mzee, chuma kisipotoka tutachoma mahindi."

Limebaki jambo moja. Kabla ya moto, kila mtoto wa mwashaji husema kinyongo alicho nacho kwa baba yake. Kikibaki moyoni, chuma kinakataa. Ndugu zako Vitus na Evodia wameshasema vyao, na vingine vimeniuma. Wewe uko mbali, basi andika. Usinionee haya. Nataka kuwasha kabla ya mvua.

Baba yako,
Adolfu


Kilombero,
15 Agosti 1993

Baba,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yake. Huku tu wazima, kazi ni ile ile.

Barua yako nimeirudia mara tatu. Ndalahwa, mwenzangu wa chumbani, ameniona nimeshika kalamu siandiki. Akasema, "Mwandikie huna, mzee aendelee na kazi yake. Kwani chuma kinasoma barua?"

Basi sina kinyongo, baba. Ulinilea, ulinilisha, sina la kusema. Washa kwa amani. Nikiwa nakata miwa nitakuwa nakuwaza siku zote tatu.

Mwanao,
Polikarp


Pito,
2 Oktoba 1993

Mwanangu,

Ujambo huko? Sisi tupo. Nakuandikia kwa kifupi.

Tuliwasha Jumatatu. Watu walijaa kama siku ya sikukuu, hata katekista alikuja, akasimama mbali kidogo. Moto ulipanda vizuri, ukanguruma kama ninavyoukumbuka. Alhamisi tukavunja mlango wa chini. Mavi ya chuma matupu, meusi, yenye matundu. Hakuna chuma hata cha kutengeneza sindano. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele cha dhihaka, na vijana wakadakia, "Mhunzi! Mhunzi!" Mama yako ndiye aliyekuja akanishika mkono mbele ya wote, akanirudisha nyumbani.

Vitus na Evodia nimewauliza tena, wameapa hawakuficha kitu. Wewe uliandika huna. Kwa hiyo kosa ni langu. Nadhani mkono wa babu yako haukufika kwangu, nami nimelisumbua jina lake bure. Sina hamu ya chakula. Nimemwambia Mboje mvua ya kwanza ikinyesha alibomoe lile tanuri, sitaki kuliona.

Baba yako,
Adolfu


Kilombero,
21 Oktoba 1993

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine nitaleta siku nyingine. Mwambie Mboje asiliguse tanuri.

Nilikudanganya. Kinyongo ninacho, tangu darasa la tano. Ulikuja shuleni umevaa koti lako la kanisani, nikafurahi kukuona. Ukamwambia mwalimu mbele ya darasa zima, "Huyu kichwa chake kizito, atabaki na jembe. Mwendeleze Vitus." Nilikuwa wa pili darasani, baba. Ulikuwa umeiona ripoti. Niliondoka na wewe siku hiyo hiyo, sikurudi tena darasani.

Hapa kuna msimamizi mwenye umri wa mwanangu. Jina langu analiandika vibaya kila wiki, nami nanyamaza, nasema mwenye kichwa kizito atamsahihisha nani? Nina miaka thelathini na tisa na bado naisikia sauti yako kila nikishika kalamu.

Ndicho nilichoficha. Niliogopa kukuumiza, sasa nimekuumiza zaidi. Usiseme mkono wa babu haukufika kwako. Aliyeharibu ni mimi. Kula, baba. Nijibu.

Polikarp wako


Kilombero,
28 Novemba 1993

Baba,

Shikamoo. Hii ni ya pili bila jibu. Kila gari la barua likija naenda ofisini, karani ananiona tu anatikisa kichwa. Vitus naye nimemwandikia, kimya. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Kama unaumwa, mama amtume Evodia aandike. Juzi nimejikata mguu kwa panga, nilikuwa nawaza huko. Si kidonda kikubwa. Lakini siwezi kuendelea hivi, sijui kama ninayemwandikia yupo.

Mwanao,
Polikarp


Pito,
6 Januari 1994

Mwanangu Polikarp,

Marahaba zote mbili. Nipo. Kidonda kimepona? Nililala wodini wiki tano kwa kifua. Nilimkataza kila mtu asikuandikie, hata Vitus. Nilitaka kukujibu kwa mkono wangu, na mkono ulikuwa hauna nguvu. Nisamehe kwa huo wasiwasi.

Tanuri lipo. Mboje alikuwa ameshaanza kuvunja ukingo wa juu, barua yako ikafika, Evodia akamkimbilia. Mboje akasema, "Ninyi Wafipa amueni, mimi nina ng'ombe wa kuchunga."

Sasa nikwambie. Mwalimu alitaka wewe ndiye uendelee. Alinifuata mpaka nyumbani kuniomba. Ripoti niliiona, nilijua. Lakini nilikuwa nimekuona ukikanda udongo wa vyungu vya mama yako, na udongo ulikutii. Nikasema, Vitus aende kwenye vitabu, huyu mwenye akili abaki, ndiye nitakayewasha naye. Ili nikupate, nikamdanganya mwalimu kwamba hufai. Kisha mwaka huu sikuwasha, mwaka ule sikuwasha, nawe ukachoka ukaenda kwenye miwa. Nilikupoteza kwa ajili ya tanuri ambalo halikuwepo.

Mwashaji naye hukiri makosa yake kabla ya moto. Mimi nilikiri mengi. Hilo nililiruka. Kwa hiyo mwanangu, tulidanganya wawili.

Nataka kurudia Agosti, nikijaliwa. Sikuiti. Sina uso wa kukuita. Nakujulisha tu.

Baba yako,
Adolfu


Kilombero,
30 Januari 1994

Baba,

Shikamoo. Mguu umepona. Mshukuru Mungu kwa hicho kifua, nami namshukuru.

Nimeisoma barua yako, kisha siku mbili nikawa nikitoka shambani najilaza bila kula. Ndalahwa akadhani kuna msiba. Miaka yote hii nimeamini sina akili, kumbe akili ndiyo iliyoniponza. Huenda leo ningekuwa mwalimu mimi, na Vitus yuko hapa na panga. Nimekasirika, baba, sitakuficha tena. Na hapo hapo naogopa usije ukaondoka kabla sijakuona.

Nimeomba ruhusa ya Agosti. Msimamizi amesema nikiondoka wakati wa kukata miwa nafasi yangu atapewa mwingine. Nimemjibu ampe. Halafu nikamwandikia jina langu kwenye kiganja chake, herufi kwa herufi. Nitakuja kwa treni mpaka Tunduma, kisha basi.

Usiwashe kabla sijafika. Dawa umeze zote, hata ukijiona mzima.

Kinyongo bado ninacho, tena kimeongezeka. Sitakiandika tena. Nitakuja nacho, nikiseme hapo mbele ya tanuri kwa mdomo wangu, na wewe useme chako, watu wakisikia. Chuma kikikataa, na kikatae tukiwa wote wawili.

Mwanao,
Polikarp