Fimbo ya Mama Mkwe Kwenye Matope Yanayochemka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, lango kuu la Hifadhi ya Taifa

Jina: limeandikwa kwenye jalada, mtaani naitwa Mama Mapazia
Umri: miaka 41
Kazi: fundi cherehani, nashona mapazia
Makazi: chumba na sebule juu ya duka la rangi, ninakoishi na mama mkwe wangu

Mnamo Jumamosi iliyopita, majira ya saa nne asubuhi, niliingia hifadhini pamoja na mama mkwe wangu. Ndiye anayetuhumiwa kumpiga kijana mmoja kwa fimbo na kumsababisha aangukie kwenye matope ya moto. Nilikuwa ubavuni mwake muda wote.

Mama ana miaka sabini na mitatu. Alikuwa mpishi wa hospitali hadi alipostaafu, na anatembea kwa fimbo tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Mwanawe, aliyekuwa mume wangu, alifariki mwaka juzi baada ya kudondoka kutoka kwenye jengo walilokuwa wakilijenga. Watu walidhani nitarudi kwetu. Sikurudi, naye hajawahi kuniuliza nitarudi lini. Safari hii aliitaka mwenyewe, baada ya kuyaona matope hayo kwenye runinga.

Langoni, askari wa hifadhi, binti mpole, alituonya tusitoke kwenye njia ya mbao. Alisema ardhi ya pembeni inaonekana kavu, kumbe ni ganda jembamba, na chini yake kunatokota. Mlalamikaji alikuwa kwenye kundi letu, amevaa shati jekundu. Aliyasikia hayo kama sisi.

Tulifika kwenye dimbwi kubwa. Matope yake ni ya kijivu, mazito. Yanavimba polepole kama shavu la mtu anayepuliza moto, kisha yanapasuka na kurusha matone. Harufu ni ya mayai viza. Mama aliegemea ukingo wa mbao wa njia akayatazama, halafu akaniambia, "Uji huu umemshinda mwenyewe. Moto mkali, na hakuna anayekoroga." Akacheka mpaka akafuta machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba. Nilimshika mkono, nikijifanya namsaidia kusimama vizuri. Afande ameniambia hili halihusiani na kesi, lakini nimeomba liandikwe.

Kijana yule wa shati jekundu akaruka ukingo ili ajipige picha karibu na matope. Mama alimwambia, "Baba, rudi huku. Hapo hapakanyagiki." Akajibu, "Bibi, nafika hapa tu." Wakati huo fimbo ya Mama ilikuwa imesimama kwenye mbao, na hakuwa amemgusa. Kijana alipopiga hatua nyingine ardhi ilivunjika, mguu wake wa kushoto ukazama hadi juu ya kifundo. Alipiga kelele, akaangukia makalio, na simu ikamponyoka ikatua kandokando ya matope.

Mama alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi, na nyonga yake ile, akamnyooshea fimbo kupitia chini ya ukingo. Mimi nilimshika Mama kiunoni. Kijana aliikamata fimbo kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili akiunyoosha kuifuata simu. Mama alimwambia, "Iache." Hakuiacha. Akaachia fimbo ili ajisogeze zaidi. Vidole vilipokaribia kuigusa simu, Mama alimpiga kwenye vidole hivyo, mara mbili, kwa nguvu. Kijana akaurudisha mkono. Hapohapo ganda lililobeba simu likamong'onyoka, simu ikazama, na matope yakavimba mahali pale. Sote watatu tuliliona hilo. Mama akampa tena fimbo. Safari hii aliishika kwa mikono miwili, tukamvuta.

Kwa hiyo alianguka kwanza, akapigwa baadaye.

Askari wa hifadhi alikuja na maji baridi akawa anaumwagia ule mguu. Mama, akiwa bado amekaa chini anahema, alimwuliza, "Mama yako yupo?" Akasema yupo. "Basi mpigie." Akasema simu imezama. Mama akatoa simu yake ya vitufe kwenye pochi akampa. Kijana alibonyeza namba, lakini aliposikia sauti ya mama yake akaanza kulia. Mama akaichukua simu, akasema, "Mama mwenzangu, usishtuke. Mwanao ninaye hapa, mzima. Mguu umeungua kidogo. Vidole navyo vimevimba, nimevipiga mimi. Ngoja atulie, nitakupa uongee naye."

Leo asubuhi, tulipoitwa hapa, nilimshauri Mama tuseme fimbo iliteleza. Alikataa katakata. Alisema, "Usinifichie, mwanangu. Sema nilimpiga. Na sema mara mbili, maana ile ya kwanza hakuisikia."

Afande ameniuliza kwa nini Mama alitumia nguvu nyingi kiasi kile kwa mtu asiyemjua. Yaliyokuwa moyoni mwake siwezi kuyasema. Ninachojua ni kwamba mwanawe alipodondoka, hapakuwa na mtu karibu wa kumshika.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAONI YA MWANDISHI: Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu. Saa tisa alasiri mlalamikaji alifika kwa magongo, akisindikizwa na mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyezungumza zaidi. Mlalamikaji amekiri kwamba alianguka kabla ya kupigwa, na ameondoa malalamiko yake. Suala la kutoka nje ya njia nimeliachia uongozi wa hifadhi. Mtuhumiwa nimemwachia huru na kumrudishia fimbo. Hadi ninafunga jalada, kina mama hao wawili wamekaa kwenye benchi la mapokezi. Mtuhumiwa anamsimulia mwenzake habari za marehemu mwanawe, na mwenzake amemshika mkono. Muda wa wageni umepita. Sijawaambia waondoke.