Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Alhamisi, saa tisa mchana. Gesima imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, hata michai ya jirani siioni. Mtoto amelala. Badala ya kushukuru, naogopa.

Nianze na shangazi yangu, maana bila yeye sina cha kuandika.

Shangazi Kemunto, dada mkubwa wa baba, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Kisabato huko Ekerenyo. Siku tatu baada ya kumzika mumewe, alikuwa akimenya ndizi jikoni, akaanza kuzungumza kwa sauti ya marehemu. Hakuwa anaigiza. Kikohozi kilikuwa kile kile, kikavu, mara mbili, hata lile tusi la kufukuzia kuku. Tangu hapo wafu wakawa wanamjia kama watu wanaopitia dukani.

Kanisa likamfuta ushirika. Wengine wakamwita mchawi, na kuna siku walikuja na petroli, chifu akawahi. Lakini hao hao, mtoto wao akilia bila kukoma, walimleta kwake kisirisiri awaambie ni marehemu yupi anataka jina lake. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na mkikosea jina, hakuna atakayelala nyumba hiyo.

Alifariki nikiwa na mimba ya miezi saba. Siku hiyo nilikuwa namlisha uji. Akanishika mkono, akasema polepole, "Mwanangu, usimpe mtoto jina langu. Na wakilitaja akanyamaza, ujue si mimi niliyeitika."

Nikamuuliza ni nani basi.

"Yule niliyembeba miaka yote. Anajua sauti za watu wote. Nikienda, atatafuta pa kukaa."

Nilimwambia amalize uji usije ukapoa bure. Haki naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyomjibu. Nilidhani ni homa.

Binti yangu ana wiki tatu, na wiki zote tatu amelia. Hospitalini Nyamira walimpima, wakasema ni mzima. Mama mkwe, shemasi ambaye hakutaka hata kumsikia shangazi akitajwa nyumbani kwake, akamaliza majina ya marehemu wa upande wao wote. Mama yake, dada zake, bibi zake. Mtoto analia tu.

Leo asubuhi mama mkwe alikuwa amempakata, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Akashusha pumzi.

"Haya basi. Kama ni Kemunto, awe Kemunto."

Mtoto akanyamaza.

Alinyamaza katikati ya kilio, kama mtu aliyebisha hodi akafunguliwa. Akageuza kichwa akatazama pembeni, penye pipa la maji, ambapo hapakuwa na mtu. Kisha akakohoa. Kikavu, mara mbili.

Mama mkwe alilia kwa furaha. Mume wangu alipiga simu kutoka Kisii, akacheka, akasema hatimaye tutalala kama binadamu. Jumamosi mtoto atabarikiwa kwa jina hilo, mbele ya kanisa lile lile lililomfuta shangazi. Jameni!

Nami nikaendelea kukunja nepi. Nikisema niliambiwa nini, watasema nimerithi mambo ya shangazi, na najua mwanamke akisemwa hivyo hapa hufanywa nini. Petroli haikuisha siku ile. Lakini nikinyamaza, Jumamosi nitakuwa nimemkabidhi mtoto wangu kwa kitu nisichokijua.

Saa moja iliyopita mama mkwe alienda kupima majani ya chai kwenye kituo cha kununulia. Kitabu cha kliniki kiko hapa mezani, penye jina pako wazi. Nimechukua kalamu nikaandika Neema. Hakuna kaburi lenye jina hilo kwetu wala kwao, nimepitisha yote kichwani.

Kisha nikamwinamia.  Nikamwita, Neema.

Amefumbua macho. Amenitazama muda mrefu, kwa utulivu ambao si wa mtoto wa wiki tatu. Nikarudia. Neema. Neema, mama yako ndiye anayekuita.

Uso ukajikunja, akaanza kulia. Analia kwa nguvu zake zote, bila shaka hadi barabarani wanamsikia. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine nimembeba, na mimi pia nalia.

Mama mkwe akirudi atanisema. Kanisa litanisema. Na waseme.

Alie usiku kucha akitaka. Huyu anayelia ndiye wangu.