Umeme kwa Jina la Murdo

Jumatatu, 9 Septemba

Barua ya kampuni ya umeme na gesi. Imeandikwa kwa Murdo, mume wangu, nimeifungua mimi. Wanafurahi kutujulisha – kila wakifurahi kutujulisha, bei imepanda! Kuanzia mwezi ujao. Umeme na gesi, vyote viwili.

Maxine wa nyumba ya pili amehama kampuni wiki iliyopita, na tangu hapo anatembea kifua mbele kama aliyeshinda bahati nasibu. Asubuhi tulipokuwa tunatoa mapipa ya taka aliniambia mimi ndiye mjinga wa mwisho mtaani. Ni kukaa kwenye kompyuta kidogo tu, alisema, hata chai haipoi.

Kwetu hiyo ilikuwa kazi ya Murdo. Kila vuli anakaa mezani na miwani yake, analinganisha kampuni hii na ile, anaguna. Halafu anajipenyeza chini ya ngazi na tochi kusoma mita, mimi nimekaa ngazini na kalamu. Saba. Sifuri. Nne. Sauti yake ikitoka chini ya miguu yangu, nzito, ya taratibu, kama mtu anayenisimulia siri.

Nitahama mwenyewe. Ni mita tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Si mita tu.

Kampuni mpya inataka jina la mwenye akaunti ya zamani. Nikajaza langu, kompyuta ikanikataa. Nikapiga simu kampuni ya zamani. Muziki, muziki, muziki. Mwishowe akapokea binti mmoja, Keeley, mpole kweli, akaniambia hawezi kuzungumza nami habari za akaunti hiyo. Akauliza kama bwana yuko karibu.

Karibu! Yuko kwao, kisiwani Lewis, kaskazini ya kaskazini, unapanda treni, unapanda basi, unapanda meli. Alikwenda Februari kumuuguza mama yake. Mama akafariki Mei, tukamzika, mimi nikarudi Hull kwa sababu ni msimu wa harusi na dukani ninaposhona nguo zilikuwa zimejaa hadi dirishani. Yeye akabaki kidogo. Kwanza ilikuwa kufunga mambo ya msiba. Halafu kondoo. Halafu paa. Sasa ni mbwa wa marehemu, eti hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine.

Hatujagombana. Hilo ndilo linalonitesa. Tungegombana ningejua pa kuanzia.

Keeley aliniambia njia ni moja: bwana aje kwenye simu mwenyewe, atoe ruhusa.

Nilipokata nikabaki nimekaa. Halafu – aibu yangu – nikafurahi. Nimepata sababu ya kumpigia.

Jumapili, 15 Septemba

Nimempigia mara tatu. Hapokei.

Nilikuwa nimesahau ni Jumapili. Murdo wa hapa Jumapili alikuwa akiosha gari na kusikiliza mpira redioni. Murdo wa kule anaishika Sabato, haaniki hata soksi kwenye kamba. Ameanza tena kwenda kanisani, aliniambia mwezi uliopita, kwa ajili ya majirani tu. Nadhani huko pia anaimba. Miaka yote niliyoishi naye, kuimba kwake nilikusikia mara moja tu – kwenye mazishi ya mama yake, kwa lugha yao ya kisiwani. Sikuelewa hata neno, nikalia kuliko wenye msiba.

Baridi imeanza. Nimewasha joto la nyumba kisha nikalizima mwenyewe. Tulikuwa tunapigania kile kitufe pale ukumbini! Mimi nawasha, yeye anapita, anazima, anasema kwao watu huvaa sweta. Sasa nawasha na hakuna anayezima. Nyumba imekuwa na joto na sioni utamu wake.

Jumamosi, 21 Septemba

Amepiga mwenyewe. Mchana, nikiwa nakula chipsi kwenye karatasi, nimesimama. Nikafuta mikono kwenye sketi kama msichana.

Tulianza na mambo ya kawaida. Paa limekwisha. Mbwa amenenepa. Kwa hiyo anakula! Yeye akauliza habari za bega langu, kama bado linauma nikishona sana. Amekumbuka bega.

Kisha nikamweleza habari ya kampuni. Akachangamka – ndiye yule yule wa miwani na kuguna. Akanifundisha niangalie nini, niepuke nini. Akaniambia nisichukue mkataba mrefu bila kusoma yaliyoandikwa chini. Nilikuwa natabasamu peke yangu jikoni.

Halafu akasema, vile vile, sauti ile ile:

“Mimi hapa nimeshahamisha umeme wa nyumba ya mama. Nimeuweka kwa jina langu. Nimechukua mkataba wa miaka miwili, bei haigusiki.”

Nikauliza, “Miaka miwili?”

“Ndiyo ilikuwa nafuu zaidi.”

Nafuu zaidi. Nilitaka kumwambia, Murdo, mtu hachukui umeme wa miaka miwili kwenye nyumba anayokaa kwa ajili ya mbwa. Sikusema. Nikamwuliza kama kule kuna gesi. Akacheka, akasema hakuna bomba lolote, wanachoma udongo wa kinamasi waliouchimba na kuukausha wenyewe, na harufu yake inaingia mpaka kwenye mkate.

Tukapanga Alhamisi ya tarehe tatu atakuwa kwenye simu, mimi nitaipigia kampuni, wamwunganishe. Kabla ya kukata akasema nije nione bahari ikichafuka mwezi wa kumi, hakuna kitu kama hicho duniani.

Nije nione. Nije nione na nirudi? Au nije? Nimeyageuza maneno hayo tangu mchana kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa kitambaa.

Chipsi zimepoa. Nimezitupa.

Jumanne, 24 Septemba

Nimemwambia Maxine habari ya ile miaka miwili. Nilijua sikupaswa.

Hakunihurumia. Aliniuliza kama nimemwuliza mume wangu swali lenyewe. Nikasema swali gani. Akaniangalia vile.

“Shoga, wewe unazungumza naye gesi. Zungumza naye kitanda.”

Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Alisema wanaume hawaondoki siku hizi, wanachelewa tu kurudi mpaka kuchelewa kunakuwa ndiyo anwani yao. Nikakasirika. Nikamwambia Murdo si wanaume, Murdo ni Murdo. Nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa kishindo.

Baadaye akaniletea pai ya nyama na viazi, akaiacha mlangoni bila kubisha.

Jumatatu, 30 Septemba

Bibi harusi dukani leo. Amepungua mno, nguo inamwanguka, nimembana kwa pini upande mzima. Alikuwa anazungumza bila kupumua: nyumba yao mpya, boila yao mpya ya kupasha nyumba joto, kwamba mchumba wake ameweka bili zote kwa jina lake yeye mchumba ili msichana asisumbuke.

Nilikuwa na pini mdomoni. Afadhali.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini. Tangu asubuhi nimesafisha jiko, sijui kwa nini, kana kwamba wataliona kwenye simu. Nimevaa ile blauzi ya kijani. Hiyo pia hawaioni.

Muziki. Halafu, bahati, Keeley yule yule! Alinikumbuka. Akampigia Murdo, tukawa watu watatu kwenye laini moja. Nikasikia upepo wake kabla sijamsikia yeye.

Keeley akamwuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa. Murdo akajibu kama mtu aliye mbele ya hakimu. Kisha Keeley akaeleza, polepole, kwamba kuna njia mbili. Kama bwana bado anakaa hapa, yeye Keeley ataongeza jina langu kando ya la bwana, tuwe wawili, na baada ya hapo yeyote kati yetu anaweza kuhamisha umeme na gesi apendavyo. Kama amehama, ataifunga akaunti ya bwana kuanzia siku aliyoondoka, na kunifungulia mimi ya kwangu peke yangu. Zote rahisi. Ni yeye tu aseme.

Nikataka kuingilia kati. Nikataka kusema, tuache, nitabaki na kampuni ya zamani, bei ipande mpaka mbinguni! Lakini Keeley alikwisha kuendelea.

“Kwa hiyo, bwana MacAskill,” Keeley akasema, sauti nyepesi kabisa, sauti ya mtu mwenye wateja wengine wanaosubiri, “bado unaishi kwenye anwani hii ya Hull?”

Nimekaa na Murdo miezi yote hii kwenye simu. Nimemwuliza kondoo. Nimemwuliza paa. Hili sikuthubutu, na huyu mtoto wa watu amelitoa kama anayeuliza rangi ya mlango.

Upepo ukavuma kwenye laini.

“Gaynor,” Murdo akasema. Si kwa Keeley. Kwangu. “Upo?”

“Nipo.”

“Wewe unataka aandike nini?”

Hapo nikaona hakuwa anajificha. Hajui. Naye amekuwa akinisubiri mimi nimwambie, kule kwenye upepo wake, kama nilivyomsubiri hapa kwenye joto langu. Nikasema nataka jina lake libaki. Nikasema hivyo mbele ya mgeni, kwa sauti iliyopasuka, na nikasema pia kama linabaki kwa ajili ya umeme tu, basi alitoe.

Murdo akasema ngoja. Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu cha mbao, viatu vizito vikienda, mlango, kisha upepo ukaingia wote ndani ya jiko langu.

Simu iko mezani, spika imewashwa. Naandika huku nikisubiri. Keeley amekohoa kidogo. Ameniambia, “Usijali, mama, chukua muda wako,” na sauti yake si nyepesi tena. Mbwa anabweka mbali. Mlango wa kule bado uko wazi.

Keeley ameuliza kama bwana bado yupo.

Nimemwambia sijui, lakini asikate.