Hata Wewe Huwezi Kuipita

Shoga, hapa kwangu kumechafuka. Nakuandikia nikiwa jikoni na mikono yangu ina damu. Si yangu, tulia.

Unaijua ile reli ya kuchezea ya shemeji yako, ile iliyotunyang'anya meza ya kulia. Leo kamaliza kufunga taa za ishara. Ikiwaka nyekundu, umeme wa reli unakatika, treni inasimama yenyewe.

Akamwita kaka yake aje aone. Yule dereva wa treni aliyefukuzwa baada ya ile ajali ya kupita taa nyekundu.

Basi kwa mdomo wake usio na breki akamwambia, "Hii hata wewe huwezi kuipita."

Hata wewe. Tena anacheka.

Kaka mtu akanyanyua kiti akampasua nacho kichwa. Akamkaba koo, akamgongesha ukutani mpaka picha yetu ya harusi ikaanguka. Nilimng'ata mkono ndipo akaachia.

Sasa shemeji yako yuko sakafuni na taulo kichwani. Kaka yake yuko mezani, anaipeleka treni kwenye nyekundu. Inasimama. Anairudisha, anaipeleka tena. Inasimama. Machozi yanamtiririka.

Nikasema namtoa nje sasa hivi. Shemeji yako akanishika mguu.

"Mwache. Hajawahi kuiona ikisimama."