Dole Gumba la Katibu

Guangzhou, 2 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na mguu umepungua kuvimba tangu uanze ile dawa ya kuchua. Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imegoma kuondoka na bado nalala na soksi. Usinicheke. Wewe uliishi hapa miaka kumi na minne, na kila uliporudi nyumbani ulishuka na mabegi ya soko la Shiling na kikohozi.

Naandika kwa mkono kama ulivyoniagiza, mambo ya Jumuiya yasipite kwenye simu. Nitampa mama mmoja wa Tandika anayeruka kesho kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun. Ameapa hataifungua, ingawa macho yake yanasema vingine.

Jumuiya uliyoianza na watu tisa sebuleni kwako, sasa tumezidi mia mbili. Wamo Wakongo, Wanijeria, Wakenya na sisi, wafanyabiashara na wanafunzi, weusi wote chini ya jina moja. Mwenyekiti ni Gitau, Mkenya anayesoma sheria, mtu wa maneno machache na miguu mirefu. Mimi wamenichagua katibu kwa sababu naandika Kichina, na kwa sababu ni mtoto wa Faudhia. Hiyo ya pili ilisemwa waziwazi kwenye mkutano, na watu wakapiga makofi.

Sasa sikia kazi yetu. Tunaandika waraka wa kupeleka kwenye balozi zetu, kwenye magazeti ya nyumbani na kwenye ofisi za mji. Tutataja wenye nyumba kumi na mmoja ambao wakiiona sura yako tu wanasema *meiyou*, hakuna chumba, na kibao cha chumba kinaning'inia pale pale mlangoni. Kila jina lina maelezo ya shahidi, na shahidi anabandika dole gumba kwa wino mwekundu kama karatasi za huku zinavyotaka.

Kesi kumi tulizikusanya wenyewe. Ya kumi na moja ndiyo iliyowasha moto. Unamkumbuka Nassor wa Magomeni, anayenunua nguo soko la Shahe? Mwenye nyumba wake, mama tunayemwita Ayi Liang, yaani shangazi Liang, amemtolea marobota nje mvua ikinyesha. Mtu akapiga video. Nassor amekaa juu ya robota, kajishika kichwa. Imetazamwa Lagos mpaka Kinshasa. Nililia, halafu nikakaa nikaandika ukurasa wa kwanza bila kuinuka.

Nisalimie wote nyumbani.

Mwanao,
Swalha


Kariakoo, 11 Machi 2024

Mwanangu Swalha,

Marahaba. Mguu unaendelea vizuri, wanaosumbua ni wateja. Wa Tandika kanifikishia barua ikiwa imegundishwa upya kwa gundi ambayo wewe hukuitumia. Safari nyingine tafuta mjumbe mwingine.

Video nimeiona. Nimeitazama dukani, nikafunga duka.

Hujawahi kuniuliza kwa nini nilirudi, na mimi sikuwahi kukwambia sawasawa. Siku ile nilitoka Shiling na mabegi yangu, nikakuta kitasa kimebadilishwa. Mwenye nyumba yumo ndani, namsikia akitembea. Akaniambia kupitia mlangoni kwamba wapangaji wenzangu hawaitaki harufu yangu. Mimi, ambaye nilikuwa nikifagia ngazi mpaka za watu wasionisalimia. Kodi nimelipa, karatasi zangu zote zimekamilika. Nilikaa kwenye zile ngazi mpaka kesho yake. Watu walipanda na kushuka, wakanikwepa, hakuna aliyesimama.

Kwa hiyo huyo Liang mweke wa kwanza. Maneno yawe makali. Na dole lako liwe la kwanza, wakijua ni la mtoto wa nani.

Ramadhani ndiyo hiyo imefika. Ule daku, usinidanganye kwamba umeshiba chai.

Mama yako mdogo,
Faudhia


Guangzhou, 20 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nakula daku, naapa. Nimeisoma hadithi ya ngazi, nikaiweka chini ya mto wangu. Samahani kwa kutokukuuliza miaka yote hii. Niliogopa jibu.

Sasa nina jambo, na naomba ulisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Juzi Nassor aliitwa kituo cha polisi cha mtaa, akaniomba nikamtafsirie. Nilikwenda kifua mbele, nikidhani naenda kukusanya ushahidi. Unajua wenye viza za siku thelathini wanavyofanya: siku zikikaribia wanavuka Hong Kong, wanalala siku mbili, wanarudi. Na unajua kila ukirudi inabidi mwenye nyumba akupeleke kujiandikisha upya ndani ya siku moja. Nassor hakwenda. Si mara moja, mara tatu. Shahe wanafungua kabla jua halijachomoza, akirudi Hong Kong anakimbilia mzigo, ya karatasi anaona yatasubiri. Ayi Liang alipigwa faini, akaonywa kwamba ikitokea tena hatapangisha kabisa. Yeye mwenyewe alikuwapo kituoni, akanionyesha simu yake. Alituma ujumbe mara saba akiomba, lete pasipoti, lete pasipoti tafadhali.

Tulipotoka nikamuuliza Nassor kama aliuona ujumbe ule. Akaangalia viatu vyake. Akasema aliuona.

Kumtolea mtu mzigo kwenye mvua ni ukatili, nalisema hilo. Lakini hakumtoa kwa ngozi yake. Ghorofa ya nne ya nyumba hiyohiyo anaishi Elinami, mwanafunzi wetu kutoka Arusha, mweusi kama mimi, mwaka wa tano sasa, na Ayi Liang humpelekea supu akiumwa.

Nilimwambia Gitau. Alisikiliza yote, halafu akaniuliza, "Swalha, ukweli huu utamsaidia nani?" Akasema kumi zile ni za kweli lakini hazina picha, na dunia haisomi, inatazama. Tukiitoa hii, na zile kumi zitakufa nayo. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kituoni, bila dole langu haina shahidi. Mkutano wa kutia sahihi ni Jumapili ya kwanza baada ya Idi.

Si kwamba nimewachoka watu wetu. Kila siku nakaa kwenye treni na kiti cha pembeni yangu kinabaki kitupu, sihitaji video kujua. Ndiyo maana nataka tukisema, asipatikane mtu wa kutukanusha. Mama mdogo, siwezi kulibandika hili dole. Naomba uniambie hujanikasirikia.

Mwanao,
Swalha


Kariakoo, 31 Machi 2024

Swalha,

Salamu. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, kama ulivyotaka.

Mimi nilipokuwa kwenye ngazi, hakuna aliyetoka akauliza sheria inasemaje. Wao hawakupima. Wewe leo umesoma, unajua Kichina, unasimama katikati na mizani. Umempimia yule mama kwa ratili safi, umempa mpaka supu. Watu wako umewapimia nini?

Sikukusomesha ili ukawatetee. Jumuiya ile niliijenga kwa miguu hii unayoiulizia hali. Ukimwacha mwenyekiti wako peke yake mbele ya watu, utakuwa umeniacha na mimi.

Fanya unavyoona.

Faudhia


Guangzhou, 8 Juni 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Idi imepita bila sauti yako. Nilipiga, simu ikaita mpaka ikakata. Nilinunua tende zile unazozipenda, nikaishia kuzila mwenyewe.

Mkutano ulifanyika. Niliomba kusema, nikaeleza yote ya kituoni, Nassor akiwa amekaa mstari wa pili. Nilisema majina kumi nitayasimamia mpaka mwisho, la kumi na moja hapana. Mtu wa nyuma akaniita mtoto wa Wachina. Nikajibu, "Mimi nilikuwa mweusi kabla sijawa katibu, na nitabaki mweusi mkinitoa." Wakanitoa. Mikono mingi sana, sikumaliza kuihesabu. Dole alibandika mwingine ambaye kituoni hakuwapo. Gitau alikuja mlangoni akanirudishia kalamu yangu niliyoisahau mezani.

Sikuhama. Kila Jumapili nakwenda, nakaa nyuma, kiti cha pembeni yangu kitupu. Huko nako. Hilo limeniuma kuliko treni, nakuambia kweli. Lakini zile kumi ni zangu pia, na nani kasema wanaokubaliana kila kitu ndio wenye Jumuiya?

Sasa lililonifanya niandike. Waraka ulitoka ukiwa na namba ya simu ya Ayi Liang. Wiki tatu watu walimpigia kumtukana, kutoka nchi ambazo hata hazijui. Mwezi uliopita amebandika karatasi mlangoni: wageni hapokei tena. Kumbe wageni ni sisi tu. Mzungu wa ghorofa ya pili yupo palepale. Elinami amepewa siku tano, miaka mitano ya kuishi pale ikaingia kwenye masanduku mawili. Sasa analala kwangu.

Gitau akaniambia, umeona sasa, si tulisema? Nikamwambia hapana, hatukusema. Tumemfundisha.

Halafu nikaenda kwa Ayi Liang mwenyewe. Alinifungulia akitabasamu, akijua mimi ndiye niliyemtetea. Nikamwambia, "Ayi, nilikataa jina lako lisiandikwe kwa kosa ambalo hukulifanya. Sasa umelifanya." Akasema amechoka, amezeeka, simu yake anaiogopa. Nikamwambia, "Elinami hakukupigia simu." Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nilishuka ngazi nikilia, nikakukumbuka wewe.

Nimeandika malalamiko mapya, ya Elinami dhidi ya Ayi Liang, kila neno lina ushahidi. Dole la kwanza ni langu. Nilipoyasoma kwenye mkutano, yule yule aliyeniita mtoto wa Wachina akauliza, wewe hasa uko upande gani? Nikasema upande huuhuu niliokuwapo.

Barua hii anakuletea Nassor, anafuata mzigo wake. Hakuna mwingine anayesafiri. Aliniuliza ndani kuna nini, nikamwambia, mambo yako. Akaitia mfukoni.

Mwanao, kama bado,
Swalha


Kariakoo, 27 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na ile ya Idi pia. Mguu umevimba tena, nafikiri ni hasira, maana haujui pa kwenda.

Nassor alikuja Ijumaa. Nilimpakulia chakula, hakugusa. Akasema, "Mama, mimi ndiye sikwenda kuandikishwa. Swalha hakusema uongo." Ndipo akatoa barua yako, na haikuwa imefunguliwa. Huyo ndiye mjumbe, si wa Tandika.

Nilimkasirikia yeye. Nikakukasirikia wewe kwa kuwa na haki, jambo linaloudhi kwa mtoto uliyemfunga nepi. Na bado sikubaliani na wewe kwa yote. Gitau ana lake. Kila mtu akisimama kupima kwanza, nani atapiga kelele? Ukirudi tutabishana, nitapika pweza ili usikimbie.

Lakini siku zile nne baada ya Nassor sikulala vizuri, nikajua ninachokiogopa. Iko siku mtu atamnyooshea Nassor kidole, aseme, kumbe lilikuwa suala la karatasi. Na atakayesikia hivyo atanitazama na mimi, na ngazi zangu, aseme huenda naye lilikuwa suala la karatasi. Yangu hayakuwa hivyo, Swalha. Yangu yalikuwa vilevile nilivyokwambia, na sina video. Nina neno langu tu.

Miaka tisa sijamwandikia mtu habari ile. Sasa nimeiandika, kurasa mbili, zimo humu. Mwaka, mtaa, rangi ya mlango, maneno aliyosema, kwa Kichina kama nilivyoyasikia. Sehemu ambazo sikumbuki nimeandika sikumbuki. Iweke pamoja na ya Elinami. Na wa kuisimamia uwe wewe, si Gitau, si mwingine. Nataka yangu ishikwe na mtu ambaye watu wanajua aliwahi kukataa.

Na umwambie Elinami asikununulie soksi, nitatuma.

Dole langu lipo chini ya ukurasa wa pili. Wino wa muhuri nilionao dukani ni wa bluu, na najua huko mnataka mwekundu, basi nimetumia hina. Ukiona imefifia njiani, usiikoleze. Iache ilivyo.

Mama yako mdogo,
Faudhia