Nyumba ya Tatu Kwenye Njia ya Wageni

Karatu, Jumatatu

Dada Somoe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu wa mama umepungua kuvimba, na mikorosho imetoa maua bila ukungu kuyaharibu mwaka huu. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku nimeanza kuizoea, ingawa bado navaa sweta mbili na wenyeji hawaachi kunitania. Juzi mama mmoja sokoni aliniambia, "Wewe Mmakonde, umekuja mjini na godoro mwilini?" Watu wote wakacheka, nami nikacheka.

Ukurasa huu msomee mama. Mwambie makande ya huku yana maharage mengi, nimenenepa kidogo, msikiti hauko mbali na ninapolala. Mwambie vilima vya huku ni vya kijani kama alivyoviona kwenye picha. Kuanzia ukurasa wa pili soma peke yako, shuleni, watoto wakishaondoka darasani.

Sikukupigia simu kwa sababu chumba changu na cha mhasibu wetu vimetenganishwa kwa mbao tu, na ofisini Meneja hukaa nyuma ya kiti changu. Halafu kwenye simu ungenikatiza. Ungesema, "Issa, hebu ngoja kwanza," nami nisingemaliza.

Kazi yangu unaijua, ni ukarani. Kampuni yetu inatembeza wageni wanaokuja na watoto wao. Wakishaangalia wanyama kule kreta ya Ngorongoro huwa wamechoka kukaa garini, kwa hiyo siku inayofuata tunawatembeza kwa miguu: mwendo wa saa tatu hivi, vilima vya taratibu ambavyo hata mtoto wa miaka mitano anavimudu, mashamba ya ngano na mbaazi, msitu wa Ngorongoro ukiwa upande wa juu. Wanapita kijijini na kusimama kwenye nyumba tatu. Ya kwanza ni ya mfyatua tofali, ya pili ni ya mzee wa mizinga ya nyuki, na ya tatu ni ya Mama Martina, ambapo watoto wa wageni husaga mahindi kwa jiwe na kula chapati. Ni njia nzuri, Dada. Siku ya kwanza nilipoipita nilitamani wewe na mama mngekuwa nami.

Kabla wageni hawajapita, mimi hutangulia saa moja asubuhi nikiwa na fomu. Tunaita kukagua njia. Natia alama: mbwa wamefungwa, choo kimefagiwa, chupa za plastiki zimeokotwa, watoto wameambiwa wasiombeombe. Fomu hiyo niliitunga mwenyewe wiki yangu ya pili, na Meneja aliinyanyua mbele ya wafanyakazi wote akasema hii ndiyo kazi ya mtu aliyesoma. Nilikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Niliyashika maneno yale kama mtu aliyepewa cheti.

Sasa nikueleze habari za Mama Martina. Ni Mwiraqw, wa kabila la huku, mjane, na amebaki na binti mmoja tu, huyo Martina, wa miaka kumi na moja. Mtoto ana kifafa. Alipokuwa mdogo alianguka jikoni, motoni, na upande wa kushoto wa uso wake uliungua wote. Jicho limefumba, sikio halipo. Hasemi sana, lakini anapenda watu kupita kiasi. Akisikia sauti ya Bura, mwongoza wageni wetu, anatoka mbio, anachagua mgeni mmoja na kumshika mkono, na hauachii mpaka mwisho wa shamba. Mama yake alikuwa na sheria moja. Aliniambia siku ya kwanza: "Mtoto huyu hafungiwi mlango. Ugonjwa wake hauna saa. Akianguka, mimi niwe naona."

Mwezi wa nne wa majaribio yangu, Martina alimshika mkono mtoto wa wageni, na yule mtoto akalia njia nzima. Mama wa huyo mtoto mgeni aliandika malalamiko. Meneja akaniita, mhasibu akiwa palepale anakunywa chai.

"Bwana mdogo, hapo juu ya mlango tumeandika nini?"

"Matembezi ya familia, bosi."

"Familia. Mtoto wa watu amekojoa kitanda cha hoteli siku mbili kwa hofu. Ile sura wewe unaipenda?"

Nikaangalia kikombe cha mhasibu.

"Nakuuliza. Unaipenda?"

"Hapana, bosi."

Mhasibu akapaliwa na chai kwa kucheka. "Mwoneeni huruma, huyu hata mchumba bado," akasema.

"Basi, ama tumwondoe yule mama kwenye njia, ama mtoto asionekane," Meneja akamaliza. "Nenda ukamwambie. Kiswahili chako ni cha shule, kitamwingia vizuri."

Nilikwenda. Njiani nilipanga maneno kama hotuba. Mama Martina alinisikiliza hadi mwisho huku anapepeta mahindi, kisha akaniuliza kama najua dawa za mtoto zinatoka wapi. Nilisema najua. "Zinatoka kwenye hizo chapati za wageni," akasema hata hivyo. Akaangalia stoo yake ya mahindi, ya udongo, yenye mlango wa bati na komeo nje.

"Kwa muda gani?"

"Nusu saa tu, mama."

"Na akianguka humo ndani?"

"Utamfungulia," nikasema.

Niliyasema kirahisi hivyo, Dada. Lakini kosa langu halisi lilikuja baadaye, nilipokuwa nimekaa mezani na hakuna mtu aliyenisukuma. Nilifungua ile fomu nikaongeza mstari: *Nyumba ya tatu, mtoto yuko ndani*, na kisanduku cha kutia alama. Meneja alikuwa amesema kwa mdomo tu, na Meneja husahau. Analolikazania Jumatatu, Alhamisi halikumbuki. Ningeliacha likapita, huenda lingepita. Mimi nililiandika. Wiki niliyougua homa, mwenzangu alienda na fomu ileile, akausoma ule mstari, akamwambia mama amfungie mtoto. Hakumjua Martina wala hakuuliza sababu. Alitia alama tu.

Jumanne moja ikaja familia ya watu wanne. Siku hiyo nilifuatana nao kwa sababu Bura alitaka mtu wa kubeba maji. Walikuwa watu wazuri. Binti yao mdogo alipenda kusaga kiasi kwamba alikataa kuondoka, na nusu saa ikapita, na nyingine ikapita. Bura anawachekesha, anawaambia huku kwetu binti akijua kusaga namna hii hapati usingizi kwa wachumba.

Ndipo mlango wa stoo ukaanza kugonga. Ulikuwa mgongo wa mkono au kisigino, kwa haraka, kwenye bati, bila mpangilio.

"Nini hicho?" yule mama mgeni akauliza.

Mikono ya Mama Martina ilisimama juu ya jiwe. Akaniangalia. Bura naye akaniangalia, maana komeo lilifungwa kwa amri ya ofisi na mimi ndiye ofisi. Nilijua ni nini, Dada. Sitaki ufikiri kwamba sikujua.

Nikasema, kwa Kiingereza changu safi, "Ni ndama. Tumemtenga na mama yake asinyonye."

Huku ndama hulazwa ndani, kama Bura alivyokuwa amewaeleza njiani, kwa hiyo walikubali mara moja. Yule binti akaruka, akataka kumwona ndama. Nikamwambia ni mkali kidogo. Kisha nikamgeukia Mama Martina, nikatabasamu ili wageni waone natabasamu, nikamwambia kwa Kiswahili: "Endelea kusaga, mama. Dakika kumi tu, nakuomba. Wakiondoka na malalamiko tena, unatolewa kwenye njia."

Akaendelea. Mahindi yalikuwa yamekwisha juu ya jiwe, naye hakuongeza mengine. Alisaga jiwe kwa jiwe. Baadaye mlango ukanyamaza, nami nikawaambia wageni kwamba ndama amelala.

Wageni walipokata kona ya mwisho wa shamba na dereva wetu aliyekuja kuwachukua, Mama Martina alikimbia akafungua. Martina alikuwa katikati ya magunia, ameuma ulimi, mkono wa kulia umevunjika juu ya kifundo kwa kupigapiga bati la mlango. Alikuwa hai. Bura alimbeba, akampakia kwenye pikipiki pamoja na mama yake kwenda hospitali. Kabla hajawasha aliniambia kwa utaratibu, kama anayenielekeza njia:

"Issa, sisi tunalala na ng'ombe. Ndama akigonga mlango, tunaamka tukamwangalie."

Tangu siku hiyo Bura hanitanii. Ananiita karani.

Ofisini hakuna aliyeuliza kitu. Wale wageni waliandika mtandaoni kwamba ni siku bora ya safari yao yote, na wakanitaja mimi, kijana mpole aliyezungumza Kiingereza kizuri. Walisikitika jambo moja tu: binti yao hakumwona ndama. Meneja aliyasoma hayo kwa sauti, akapiga meza.

"Ndama! Nani alileta habari ya ndama?"

"Mimi, bosi."

"Msomi umejiongeza. Tutafute ndama."

Wakamtafuta kweli. Sasa yuko pale nyumba ya tatu, mweupe mwenye madoa, amefungwa kwenye kivuli, watoto wa wageni wanamnywesha maji na kupiga naye picha. Fomu ina mstari mpya: *ndama yuko nje*. Ule mstari wangu wa Martina uko chini yake. Nilipomwomba Meneja niufute, alisema, "Mkono wenyewe una plasta, unataka wageni waone na hilo?" Nilichofanya ni kumwomba Mama Martina tulitoe komeo la stoo. Nililing'oa mwenyewe kwa bisibisi. Nikajipongeza.

Jana, Jumapili, hakukuwa na matembezi. Nilikwenda bila fomu, na sukari na mkate, kuomba msamaha. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Nilipofika kwenye uzio, Martina alikuwa amekaa uani anaota jua, plasta yake mapajani, na ndama analamba vidole vyake. Zamani angenikimbilia. Alinitazama kwa lile jicho lake moja, akaangalia nyuma yangu kama wageni wanakuja. Hakukuwa na mtu. Lakini alinyanyuka hivyohivyo, hakuna aliyemwambia neno, akaingia stoo, akavuta mlango kwa mkono wake mzima. Kwa kuwa komeo halipo, mlango ulirudi nyuma. Akauvuta tena, akaushikilia kutoka ndani.

"Martina," nikaita, "leo hakuna wageni. Toka."

Nikaona vidole vyake tu kwenye ukingo wa bati.

Mama yake alitoka jikoni akifuta mikono. "Mwache," akasema. "Anakujua." Akapokea mkate, akanishukuru kwa heshima, akaniuliza kesho kutwa wageni ni wangapi.

Nilimwambia ni sita. Sikuomba msamaha, Dada. Nilishindwa kupata pa kuuanzia.

Leo asubuhi Meneja amenipa mkataba wa kudumu. Nimeusaini. Nilikuwa nataka kukuandikia nikuulize nifanye nini kabla ya kusaini, lakini nakujua, ungenijibu, na jibu lako ningelijua hata kabla ya kufungua bahasha. Kwa hiyo nimesaini kwanza, ndipo nikaandika.

Nisalimie Mjomba Athumani, fundi baiskeli aliyenisindikiza stendi, na Shangazi Mwajuma wa maandazi, na binamu yetu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Mwambie asome, lakini usimwambie kwa nini nanyamaza nikitaja kusoma. Mama mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Naifunga barua hapa. Kesho saa moja asubuhi natakiwa niwe njiani na fomu.

Mdogo wako,
Issa